Nyanya Anasema Anaenda Nyumbani

Njooni karibu, wajukuu zangu. Wewe sogeza kile kiti kidogo, mwenzako apate nafasi. Leo sina hadithi ya sungura na fisi. Nina hadithi ya nyanya mmoja na mjukuu wake wa kike mwenye miaka 13, wanaokaa hapa Bunia. Majina yao siyataji. Manyanya kama huyu wamo katika nyumba nyingi, nami nimewakusanya kadhaa nikawafanya mmoja, ili kila atakayesikia aweze kusema, "Huyu ni wa kwetu."

Nyanya huyu ni mtu wa Djugu. Alizaliwa kabla ya uhuru wa 1960, kwenye vile vilima ambavyo asubuhi hufunikwa na ukungu, watu wakalima viazi na maharagwe, ng'ombe wakapanda mteremko mmoja mmoja. Alilima, akauza, akazaa watoto sita, akamzika mumewe. Vita viliporudi Djugu mnamo Desemba 2017, vijiji vilimwagika. Kuna waliovuka Ziwa Albert kwa mitumbwi wakaenda Uganda, na kuna waliokuja Bunia kwa miguu. Nyanya alifika Bunia na kikwembe alichovaa, na beseni moja kichwani.

Beseni hilo bado analo. Na kila siku, jua linapoanza kushuka, nyanya huinuka, hukaza kikwembe kiunoni, huchukua beseni lake na kuelekea mlangoni.

"Mimi naenda nyumbani. Ng'ombe hawajafungwa."

Mjukuu humzuia. "Nyanya, hapa ndiyo nyumbani. Kule nyumba iliungua. Ng'ombe hawapo tena."

Nyanya hushtuka kana kwamba habari hiyo imefika leo. Huketi chini na kulia. Nusu saa baadaye ameshasahau alichoambiwa, ila huzuni haikuondoka pamoja na maneno. Unaiona usoni mpaka wakati wa kulala. Kesho yake jioni, beseni tena, mlango tena, machozi tena.

Mjukuu alichoka. Siku moja alimwambia mama yake, "Nyanya anatufanyia makusudi." Ni kwa ajili ya neno hilo, wanangu, ndipo nimewaita. Nyanya hafanyi makusudi. Nyanya ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina.

Madaktari huuita demensia. Sisi tunaweza kusema ugonjwa wa kusahau, ingawa unachukua zaidi ya kumbukumbu: unachukua pia uwezo wa kupanga mambo, kutafuta neno, kujua njia, kupima hatari. Demensia ni kama neno "homa". Mtu anaweza kupata homa kwa malaria, au kwa tumbo, au kwa kidonda. Vivyo hivyo demensia ina mizizi mingi, na mzizi mkubwa kuliko yote ni ugonjwa wa Alzheimer. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 10 wenye demensia, 6 hadi 7 wana Alzheimer.

Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimpokea hospitalini mama mmoja wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter. Alimuuliza jina lake, akajibu, Auguste. Alipomuuliza la mumewe, mama yule akataja tena Auguste. Mama yule alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona vitu viwili ambavyo mpaka leo ndivyo alama za ugonjwa huu.

Ni vitu gani? Ngoja niwaeleze kwa mfano wa soko letu. Ubongo wa binadamu una uzito wa karibu kilo moja na nusu tu, lakini ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86. Chukulia kila seli ni kibanda sokoni, na kila kibanda kinatuma habari kwa vibanda vingine, mchana na usiku. Ukikumbuka jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza, ni habari imekimbia kutoka kibanda hadi kibanda ikafika salama.

Katika Alzheimer, takataka za protini iitwayo amiloidi hurundikana kwenye njia kati ya vibanda. Na ndani ya vibanda vyenyewe, nyuzi za protini nyingine, tau, hujisokota na kuwa mafundo. Habari hukwama. Kibanda kimoja hufungwa, kisha cha pili, kisha mtaa mzima. Takataka hizo huanza kurundikana pengine miaka 15 au 20 kabla mtu hajasahau chochote. Kwa hiyo nyanya alipokuwa bado analima Djugu, akibeba viazi vyake sokoni na kurudisha chenji bila kukosea, huenda ugonjwa ulikuwa umeshaanza kimyakimya.

Sehemu inayoguswa mapema ni ile inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi. Ndiyo maana nyanya hakumbuki kama amekula mchana, lakini anakumbuka jina la ng'ombe wa baba yake. Mmeona mvua kubwa inavyofanya kwenye mteremko uliolimwa? Inabeba udongo wa juu, ule mlaini wa juzi. Udongo wa chini unabaki muda mrefu. Kumbukumbu za nyanya zinaondoka hivyohivyo: jana huenda kwanza, utoto hubaki mwisho.

Na hapa pana jambo ambalo watoto wa Bunia wanapaswa kulielewa vizuri. Nyanya alijifunza Kiswahili ukubwani. Lugha yake ya kwanza ni Kilendu, na kwa Kilendu chake hamwezi kujua kabila lake, maana upande wa Djugu Walendu hukisema na Wahema wa kaskazini hukisema. Sasa udongo wa juu unapochukuliwa, Kiswahili nacho kinaondoka. Siku nyingine nyanya anaanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kilendu. Mjukuu, aliyekulia mjini, haelewi, anadhani nyanya anapayuka. Hapayuki. Anaomba maji kwa lugha aliyoombea maji alipokuwa na miaka miwili.

Nisikilizeni tena. Kusahau kote si ugonjwa. Mtu mzima akisahau alikoweka ufunguo, akautafuta na kuupata, huo ni uzee wa kawaida, au uchovu. Mashaka huanza mtu anaposhika ufunguo mkononi na kujiuliza ni wa kazi gani. Mashaka huanza mama aliyepika sombe miaka 50 anaposimama mbele ya chungu asijue kinachofuata. Anapouliza swali lilelile mara tano kabla chai haijapoa. Anapopotea kwenye njia ya kanisa lake mwenyewe.

Na kuna dalili moja inayovunja nyumba nyingi. Nyanya wetu, kama wanawake wengi wa rika lake, hufunga pesa kwenye ncha ya kikwembe. Siku moja alilifungua fundo, akazificha pesa mahali salama zaidi, kisha akapasahau. Alichojua ni kwamba fundo ni tupu. Akamgeukia mkwe wake, mama wa yule mjukuu, akapaza sauti mpaka majirani wakasikia: "Wewe umeniibia!" Mama yule hakula siku hiyo. Pesa zilionekana baada ya wiki mbili ndani ya gunia la maharagwe, zimekunjwa vizuri. Tazameni jambo lilivyotokea: kumbukumbu ilipotoboka, akili ya nyanya ilitafuta cha kuziba tundu, ikaokota jibu la karibu, kwamba kuna mwizi. Hakumchukia mkwe wake. Alikuwa anajaribu kuelewa dunia yenye vitu vinavyotoweka.

Majirani nao walianza kunong'ona. Mzee anayetembea usiku, anayesema peke yake, asiyetambua watoto wake, ana nini kama si uchawi? Wanangu, neno hilo ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Mwaka 2001, katika mkoa wetu huuhuu wa Ituri, upande wa Aru, mamia ya watu waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Ng'ambo ya mto mkubwa, Kongo-Brazzaville, watafiti wameandika habari za wazee wenye demensia walioshtakiwa hivyohivyo na watu wao. Mzee anayeamka saa nane za usiku na kutoka nje ameamka kwa sababu sehemu ya ubongo inayotofautisha usiku na mchana imeharibika. Hajaenda kumroga mtu. Ukisikia uvumi wa namna hiyo, hata wewe mtoto unaweza kusema kwa adabu: "Nyanya yetu ni mgonjwa wa kichwa, tumeshamfikisha kwa muuguzi." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha.

Na kweli apelekwe kwa muuguzi, tena mapema. Magonjwa mengine hufanana na demensia, na baadhi yake yana dawa. Malaria kali inaweza kumchanganya mzee kwa siku moja tu. Maambukizi ya njia ya mkojo vilevile, na upungufu wa maji mwilini, na dawa alizochanganya bila ushauri. Shikeni kanuni hii: Alzheimer huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo hajui alipo, huyo ni wa kukimbizwa hospitali leo hii. Kuna pia shinikizo la juu la damu, linaloziba au kupasua mishipa midogo ya ubongo na kuleta demensia ya aina nyingine. Kuna ugonjwa wa tezi ya shingo, kuna upungufu wa vitamini B12. Kuna masikio na macho: mtu asiyesikia swali hujibu ovyo, watu wakadhani akili imeruka.

Na kuna huzuni. Hili la huzuni ni letu kabisa, sisi wa Ituri. Mzee aliyepoteza nyumba, shamba na majirani kwa usiku mmoja, akiwekwa kwenye chumba cha mabati mjini, naye hukaa kimya, hukataa chakula, husahau. Huenda si Alzheimer, huenda ni moyo ulioelemewa, na moyo kama huo husaidika. Mara nyingi vitu hivi viwili hukaa katika mtu mmoja. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau huishi kwa kushika alama: mti wa embe pale, mlango upande huu, sauti ya jirani asubuhi. Vita vilimnyang'anya nyanya alama zote kwa mpigo. Kwa hiyo anaposema anataka kurudi nyumbani, msiharakishe kusema kachanganyikiwa. Nusu ya maneno yake ni ugonjwa. Nusu nyingine ni kweli tupu.

Mtauliza, daktari atajuaje, na nyanya hakusoma, hajui kushika kalamu? Swali zuri. Vipimo vingi vilitungwa Ulaya na Marekani, vikimtaka mtu achore saa au aandike sentensi. Lakini watafiti waliofanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro huko Tanzania, walitengeneza kipimo kingine. Mzee huulizwa daraja ni nini. Huombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Huoneshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kibiriti, naye apange lake lifanane. Hayo hayahitaji shule. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2013, waliona kwamba katika kila wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea, zaidi kidogo ya 6 walikuwa na demensia. Na kwetu Kongo, Mkongomani mwenzetu Jean Ikanga, mtaalamu wa ubongo na tabia katika Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, ameongoza utafiti wa Alzheimer kwa wazee wa Kinshasa. Duniani kote wagonjwa wa demensia wamepita milioni 55, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Ugonjwa huu si wa Wazungu, wala hauulizi kama wewe ni Mlendu, Mhema, Mnyali au Mualur.

Dawa ya kuponya Alzheimer haipo bado. Nasema wazi ili mtu asiuze mbuzi wake kumlipa anayeahidi kuiondoa kwa siku saba. Lakini kukosa dawa si kukosa la kufanya. Sasa turudi mlangoni.

Muuguzi mmoja alimwambia yule mjukuu: usibishane naye kuhusu nyumba, tembea naye. Jioni ile nyanya alipochukua beseni, mjukuu alimshika mkono, wakatoka pamoja. "Nyanya, ng'ombe wenu walikuwa na rangi gani?" Nyanya akaanza kueleza. Mmoja mwekundu mwenye pembe iliyopinda, mwingine mweupe, mkaidi, aliyependa kuvunja ua wa maharagwe. Walizunguka nyuma ya nyumba, wakapita kwa jirani, wakarudi kwa njia nyingine. Walipofika mlangoni, nyanya alitua beseni chini na kusema, "Tumefika." Hakulia.

Je, mjukuu alidanganya? Hapana. Hakumwambia kwamba ng'ombe wapo. Alimuuliza habari zao, nyanya akapata alichokuwa akikitafuta jioni zote zile: mtu wa kwenda naye. Hata anapouliza mumewe yuko wapi, sasa mjukuu hamwambii tena kwamba amekufa, maana kila mara habari hiyo ilikuwa ni msiba mpya. Humwambia, "Nyanya, nisimulie jinsi mlivyokutana."

Jambo la pili alilolijua mjukuu lilitokana na maharagwe. Mama alikuwa na ungo mkubwa wa kuchagua, nyanya akauvuta kwenye mapaja yake. Hakujua leo ni siku gani. Lakini vidole vyake vilikwenda mbio: jiwe huku, bovu kule, zima hapa, bila kukosa hata moja. Kumbukumbu ya mikono hukaa mahali pengine katika ubongo, na hudumu. Tangu siku hiyo nyanya ana kazi. Anachagua maharagwe, anamenya viazi vilivyochemshwa, anakunja nguo. Mtu mwenye kazi si mzigo, naye anajua hivyo hata akiwa amesahau jina lako.

Jambo la tatu ni daftari. Mjukuu alichukua daftari la shule, akaandika anayosikia: jina la kilima, la mto, la wazazi wa nyanya, la ng'ombe mweupe mkaidi. Alimwomba shangazi yake amfundishe maneno kumi ya Kilendu: maji, chakula, maumivu, choo, baridi, njoo, asante, na mengine matatu. Jioni nyanya akisumbuka, mjukuu humsomea majina yale, moja moja. Wazee husema penye wazee haliharibiki neno. Sasa ni zamu ya vijana kulishika neno, wazee wanapoanza kulidondosha.

Na ninyi wavulana, msijifiche nyuma ya dada zenu. Kazi hii huwaangukia mama na wasichana, nao huchoka mpaka wanaumwa. Mmoja akae na nyanya Jumatatu, mwingine Jumanne. Ukichoka, sema umechoka. Si dhambi. Ukipandisha sauti, tulia, omba radhi, anza upya. Msimwache peke yake karibu na mbabula wenye makaa, wala barabarani penye pikipiki. Na mshonee kwenye kikwembe kipande cha nguo chenye namba ya simu ya nyumbani, ili akipotea arudishwe.

Mwisho niwaambie juu yenu wenyewe, maana ninyi ndio wazee wa kesho. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa dunia katika jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu nusu ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Jambo linaloanza mapema kuliko yote ni kukosa shule utotoni. Shule ngapi za Djugu ziliungua au kufungwa? Basi mwenye nafasi darasani aishike, ni kinga ya ubongo wake kwa miaka 60 ijayo. Mengine ni shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, pombe nyingi, upweke, na kuumia kichwa. Ukipanda pikipiki, vaa kofia ngumu.

Jioni inakaribia, nanyi mna nyumba za kurudi. Huenda katika nyumba hizo kuna mzee ambaye mmeanza kumkwepa, kwa sababu anarudia maneno, au kwa sababu mnamwogopa. Ugonjwa huu hauambukizi. Haupitii mkononi, wala kwenye pumzi, wala kwenye sahani moja. Basi leo usiku keti kando yake, mle pamoja, na umuulize kilima alichozaliwa kinaitwaje.